Kipande cha Tanga Juu ya Maiti

Wasichana wawili wako jikoni, wanafanya haraka mama yao asije akawakuta. Mkononi wana kifurushi kidogo walicholetewa na padri. Uzi wake umekazwa na chumvi hata haufunguki, ikabidi waukate kwa kisu. Ndani mna kipande cha shati na soksi moja ya sufi, vitu alivyovuliwa maiti aliyeokotwa mbali kaskazini, upande wa Donegal. Kaka yao Michael ana siku tisa hajulikani alipo. Kitambaa wanakitambua, lakini flana ya namna ile imejaa madukani Galway, haiwezi kuwa ushahidi. Wanataka kuilinganisha na shati la Michael lililobaki nyumbani, hawalikuti: asubuhi ile ndugu yao Bartley amelivaa yeye, kwa kuwa lake lilikuwa zito kwa chumvi. Inabaki soksi. Nora, yule mdogo, anaanza kuhesabu vitanzi vya ufumaji. Aliifuma kwa mikono yake: vitanzi 60, na vinne vikamponyoka. Anahesabu, anavikuta vile vile.

Hii ni *Riders to the Sea*, tamthilia ya kitendo kimoja ya Mwairishi John Millington Synge, iliyochezwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 25 Februari 1904. Kuitazama jukwaani ni kazi ya nusu saa tu. Kila ninapoisoma hukwama kwenye vile vitanzi vinne. Mtu mzima, mwenye mabega na sauti, ameliwa na bahari, na alama ya pekee ya kumtambulia ni kosa dogo la dada yake alipokuwa akifuma. Angefuma vizuri zaidi, asingemjua.

Nataka kuisoma tamthilia hii kando ya *Al-Inkishafi*, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Kwa haraka haraka mtu atasema kazi hizi hazifanani. Moja ni kisa cha familia ya wavuvi Wakatoliki katika kisiwa cha mawe cha Atlantiki, mwanzoni mwa karne ya 20. Ya pili ni waadhi wa Kiislamu wa beti zisizofika 80, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu na mcha Mungu aliyeona mji wake ukiporomoka, karibu miaka 100 kabla ya Synge. Mmoja analia na mama, mwingine anaukaripia moyo wake. Lakini wote wawili wanaijua bahari kwa namna ambayo mtu wa bara hawezi kuibuni, na wote wamefanya jambo moja la ajabu: wameandika juu ya mauti na bahari huku bahari yenyewe wakiiacha nje.

Nianze na hilo. Katika tamthilia ya Synge hakuna hata mara moja tunapoiona bahari. Tuko jikoni tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna nyavu ukutani, makoti ya mvua ya wavuvi, gurudumu la kusokotea sufi, na mbao chache mpya zimeegemezwa ukutani. Bahari tunaijua kwa mlango unaopigwa na upepo, na kwa mazungumzo ya wasichana: bahari imechafuka kiasi gani upande wa miamba, na itazidi kuchafuka maji yatakapogeuka kukabiliana na upepo. Wanaisoma wakiwa ndani, kama vile mwanamke wa Pemba akiwa jikoni kwake anavyojua kwamba leo ni bamvua na wiki ijayo ni maji mafu. Waliozoea tamthilia za mijini walihitaji muda kulielewa hili. Hata Mwairishi mwenzake James Joyce, Synge alipomwonesha hati yake Paris mwaka 1903, aliikosoa kwa ufupi wake. Miaka michache baadaye akaitafsiri kwa Kiitalia pamoja na rafiki yake.

Sayyid Abdallah naye anaitaja bahari mapema, katika ubeti wa mfano, kisha anaiacha. Ulimwengu, anasema, ni bahari iliyochafuka, yenye matumbawe na hatari tele, na anayeipanda hapati ila hasara. Ubeti mmoja, basi. Baada ya hapo anahamia kwenye mangati ambayo mwenye kiu huyakimbilia akidhani ni maji, kwenye taa iliyowekwa kwenye upepo, halafu anaingia katika majumba ya Pate na humo ndimo anamokaa. Mshairi wa kisiwa, wa mji uliotajirika kwa majahazi, ambao mpaka leo ukitaka kuufikia kwa mashua yakupasa ungojee maji yajae, anamaliza habari ya bahari kwa mishororo minne.

Darasani tumezoea kuandika kwamba bahari inaashiria kifo, tukapigiwa tiki, tukasonga mbele. Uhakiki wa namna hiyo unamdhulumu Synge na unamdhulumu zaidi Sayyid Abdallah. Kwa Synge bahari haiashirii kitu. Ni maji, ni riziki na ni njia ya kwenda mnadani, na imemchukulia Maurya, mama wa wasichana wale, wanaume wanane: baba mkwe, mume na watoto wa kiume sita. Kwa Sayyid Abdallah bahari ni ishara kweli, lakini ni ishara ya ulimwengu wa walio hai: masoko, vyeo, majumba, kicheko. Mauti kwake hayako majini. Yako barazani, kitandani, chini ya dari lenye nakshi.

Tazama kitenzi anachokitumia. Anayeipanda bahari ile, mshairi anamtaja kwa neno *kurakibu*, lenye asili ya Kiarabu. Ni kitenzi cha kumpanda mnyama na cha kupanda chombo, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili chetu cha zamani, na hata leo tunasema mtu kapanda farasi na kapanda meli bila kubadili neno. Sasa rudi kwa Synge. Jina la tamthilia yake linawataja wapandaji wanaoelekea baharini. Bartley, mtoto wa mwisho wa kiume aliyebaki, anataka kuvuka kwenda mnadani Galway kuuza farasi. Anampanda farasi jike mwekundu, na farasi mdogo wa kijivu anamfuata nyuma. Mama anamfuata njiani na mkate waliousahau, na anachokiona kinamfanya arudi akitetemeka: juu ya yule wa kijivu amempanda Michael, marehemu, amevaa nguo nzuri na viatu vipya. Muda si muda yule farasi wa kijivu anamsukuma Bartley baharini, na mawimbi yanamchukua penye miamba.

Kwa hiyo Bartley hakufa akivua wala akisafiri. Alikufa akipanda. Sitaki kudai kwamba Synge aliwahi kuusikia utenzi wa Pate. Ulichapishwa baada ya yeye kufa, na hakuna njia ambayo ungemfikia. Ninachosema ni kwamba watu wawili waliotenganishwa na dini, lugha na karne walimtazama binadamu anayekwenda baharini wakamwona yuko juu ya mgongo wa kitu chenye uhai na hasira zake, kitu ambacho kinaweza kumwangusha bila kumchukia.

Na nyuma yao wote kuna Nuhu. Katika Sura ya Hud amri ya kupanda safina imetolewa kwa kitenzi hicho hicho, na ndipo panapokuja kisa cha baba anayemwita mwanawe apande pamoja nao. Mwana anakataa, anategemea mlima utamkinga, na wimbi linaingia kati yao. Mwislamu wa Pate alikijua kisa hiki tangu chuoni, kabla hajajua kuandika jina lake. Maurya ni kinyume cha Nuhu. Yeye alimwomba mwanawe asiende. Alipoondoka bila kusikia, mama akakataa kumpa baraka mlangoni. Na alipomkimbilia njiani ili ampe, neno likamkwama kooni, Bartley akapita. Nuhu aliita na mwana hakuitika. Maurya alibarikiwa na mwanawe akashindwa kumbariki. Sijui katika fasihi za bahari mzigo mzito kuliko huo wa neno moja lililobaki kooni.

Synge mwenyewe hakuwa mtu wa kisiwani. Alizaliwa mwaka 1871 karibu na Dublin, katika familia ya Kiprotestanti, akasomea muziki, kisha akaenda kuishi Paris akiwa na nia ya kuandika uhakiki. Huko ndiko mshairi W. B. Yeats alikokutana naye mwaka 1896 akamshauri aende visiwa vya Aran. Kabla hajaenda, Desemba 1897, alifanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni, dalili ya kwanza ya maradhi yaliyomuua mwaka 1909 hajatimiza miaka 38. Mei 1898, na kovu jipya shingoni, akavuka kwenda Aran. Alirudi huko mara nne zaidi mpaka mwaka 1902, akikaa sana Inishmaan, kisiwa cha kati, akijifunza Kiairishi cha wenyeji.

Alichokiona huko kimo katika kitabu chake *The Aran Islands* cha mwaka 1907. Mashua zao ni fito nyepesi zilizovishwa turubai la lami. Udongo hawana, wanautengeneza kwa kubeba mchanga na mwani mgongoni na kuutandika juu ya mwamba. Wengi hawajui kuogelea. Mzee mmoja alimweleza kwamba asiyeiogopa bahari hachelewi kufa maji, kwa maana atatoka siku isiyofaa. Wao wanaiogopa, ndiyo maana wanakufa mara moja moja tu. Nimewahi kusikia maneno ya tabia hiyo kwa wavuvi wetu. Mtu anayeijua bahari haisifii.

Siamini kwamba kovu la shingoni halikuingia katika tamthilia. Mgonjwa anayejua kuwa mwili wake umeanza kumsaliti anaingia katika nyumba ambayo mbao za jeneza zimesimama ukutani kama fanicha. Anaona wenye nyumba hawazitazami. Anajifunza kutozitazama.

Mbao hizo zilinunuliwa kwa ajili ya Michael, ikitarajiwa maiti yake itaelea. Ni mbao nyeupe nzuri, zilizogharimu fedha nyingi Connemara. Mwisho wa mchezo Bartley ndiye atakayechongewa. Mzee aliyeitwa kutengeneza jeneza anauliza misumari iko wapi, na inagundulika kuwa Maurya, aliyekumbuka mbao, amesahau misumari. Mmoja wa waliopo anashangaa: mama huyu ameona majeneza mangapi, itakuwaje asahau? Cathleen, binti mkubwa, anajibu kwamba mama amezeeka na amevunjika. Synge haongezi neno.

Kwa Sayyid Abdallah kitu kinacholingana na mbao zile ni zidaka. Aliyeingia nyumba ya mawe ya Lamu au Pate anavijua: safu kwa safu za vishimo vya ukutani, vimechongwa kwa chokaa kwa umaridadi, vya kupangia sahani za Kichina na vyombo vya thamani. Huwekwa kwenye ukuta wa vyumba vya ndani, karibu na mahali walipokuwa wakioshwa maiti wa nyumba hiyo. Mshairi anaziona zidaka za majumba ya matajiri wa Pate: sahani hazipo, ndege wamejenga viota na makinda yamelala palipokuwa na sahani. Popo wananing'inia darini. Ukumbini panalia wadudu tu. Hakuna damu wala kilio katika beti hizi, na ndizo zenye mauti mengi kuliko zote.

Mara ya kwanza nilipozisoma beti hizo na ule wa bahari kwa mkao mmoja, nilishtuka kwa neno moja. Katika bahari ya mfano, kinachovunja vyombo ni matumbawe. Na majumba ya Pate yamejengwa kwa nini? Kwa matumbawe. Yalichimbwa na kukatwa, yakapangwa ukutani, mengine yakachomwa kuwa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo iliyochongwa zidaka. Sahani zilizopangwa humo zilikuja na majahazi. Ukoo wa mshairi mwenyewe, masharifu wa Sheikh Abubakar bin Salim, ulikuja kwa bahari kutoka Hadhramaut. Tajiri wa Pate alidhani ametoka majini akajenga nchi kavu. Kumbe alilala ndani ya mwamba ule ule. Sijui kama Sayyid Abdallah alikusudia uhusiano huo au ulimjia tu kwa kuwa ndiyo maisha yake. Kwangu haidhuru. Umo.

Hapa ndipo kazi hizi mbili zinapokutana kwa ndani kabisa. Jikoni kwa Maurya, kila kitu kimetoka baharini au kinasubiri kwenda huko: nyavu, makoti, kamba mpya ambayo Bartley anaichukua kumfungia farasi hatamu na mama anataka ibaki kwa kuteremshia jeneza. Ukumbini kwa tajiri wa Pate, ukuta ni bahari na sahani ni bahari. Waandishi wote wawili waliiacha bahari nje kwa sababu ilikwisha ingia.

Kiswahili kina neno ambalo Synge angelitamani. Tunasema tanga, la chombo; wingi wake matanga. Na tunasema matanga, ya msiba: kukaa matanga, kuondoa matanga. Mwenye kusafiri hutweka na hushusha, mwenye kufiwa huketi na huondoa, na neno ni moja mdomoni.

Sasa sikiliza Maurya anavyosimulia. Anasema aliketi hapa hapa siku moja, Bartley akiwa mtoto mchanga magotini pake, akaona wanawake wanaingia wawili, watatu, wanne, wanapiga ishara ya msalaba bila kusema. Akatazama nje, nyuma yao wanakuja wanaume wamebeba kitu ndani ya nusu ya tanga jekundu. Siku ilikuwa kavu, na maji yalikuwa yakidondoka yameacha mstari mpaka mlangoni. Alikuwa Patch, mwanawe mwingine. Hajamaliza kusimulia, mlango unafunguka polepole. Wanawake wanaanza kuingia, wanapiga ishara ya msalaba. Nyuma yao wanaume wamemleta Bartley juu ya ubao, amefunikwa kipande cha tanga, maji yanadondoka.

Mtoto aliyekuwa magotini siku ya tanga la kwanza ndiye aliyemo katika tanga la pili. Mwingereza anapoisoma anaona kitambaa. Mswahili anaona matanga yameingia mlangoni yakiwa bado yamelowa.

Yanayofuata ni maji mengine. Maurya anaomba maji ya baraka, yaliyobaki kidogo, anamnyunyizia Bartley, na baadaye zile nguo za Michael. Wakati watoto walipokuwa hai alikuwa akiamka usiku wa giza kuyafuata maji hayo; sasa hana tena haja ya kuamka. Bahari imekwisha, haina cha kumchukulia. Atalala. Anashukuru kwamba Michael kazikwa vizuri huko mbali na Bartley atapata jeneza la mbao nzuri na kaburi la kina. Hataki zaidi ya hapo, na mimi naona ni kiasi kikubwa sana. Wapo wahakiki waliomlaumu kwamba anashindwa bila kupigana, kwamba msiba bila mapambano si tanzia. Mwanamke aliyepokonywa wanaume wanane katika ardhi ya kutengeneza kwa mwani apigane na nani?

Sayyid Abdallah asingemruhusu alale. Kwake kifo ni mlango wa hesabu, na sehemu ya mwisho ya utenzi inauonya moyo juu ya moto na majina yake. Anauliza, anakaripia, anabembeleza. Kina cha mshororo wa nne hakibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, kila ubeti unarudi pale pale kama maji yanavyorudi ufukweni. Waliolala kaburini kwake hawajapumzika. Wamebanwa mahali padogo, waliokuwa wakilala penye mito yenye nakshi. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Kwa Maurya udogo wa kaburi ni rehema, kwa sababu ni mahali panapojulikana. Kwa matajiri wa Pate ni adhabu ya kwanza.

Nikiulizwa nani kasema kweli zaidi juu ya mauti, sitakwepa. Sayyid Abdallah anajua kitu ambacho Synge hakijui: kwamba mji mzima hufa, na kwamba walio hai wanaweza kuwa wanazama huku wanacheka. Ukubwa huo Synge hana. Lakini Sayyid Abdallah ana deni. Sahani zile za zidakani zililetwa na watu. Kulikuwa na nahodha, mabaharia, wapagazi, na wengine wao walikufa maji kwenye yale matumbawe. Utenzi unawahesabu wenye majumba, kwa vyeo vyao na mikogo yao, waliobeba hauwahesabu. Wala hatumsikii mwanamke aliyebaki mlangoni. Hayo Synge anayo yote, kwa majina: Stephen, Shawn, Patch, Michael, Bartley, na wale ambao maiti zao hazikuonekana.

Huo uhesabuji ndio uliovuka bahari nyingine. Mwaka 1954 Derek Walcott wa Saint Lucia, kijana bado, aliandika *The Sea at Dauphin*, tamthilia fupi ya wavuvi wa Karibi iliyofuata kielelezo cha Synge waziwazi. Afa, mvuvi wake, haridhii kama Maurya. Anamkasirikia padri, anaukasirikia umaskini, anaikasirikia bahari. Ni kisiwa cha wajukuu wa watu waliovushwa kwa minyororo, na kwao bahari ilikwisha kuwa kaburi kabla hawajawa wavuvi. Kukubali kwa Maurya kusingefaa mdomoni mwa Afa. Kila pwani ina haki ya hasira yake au utulivu wake.

Yetu je? Tunayo mengi. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliandika juu ya vyombo kama mtu aliyekuwa na mali ndani yake. Tuna kimai, ushairi wa mambo ya bahari na mabaharia. Tuna ile kauli yetu, kufa maji, ambayo haina huruma hata kidogo, na methali ya mfa maji asiyeacha kutapatapa. Na tuna fikihi, ambayo imewafikiria wafa maji kwa upole usiojulikana na wengi. Aliyekufa maji amehesabiwa katika hadithi za Mtume miongoni mwa mashahidi. Aliyefia chomboni mbali na nchi huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa, kisha hufungiwa kitu kizito na kuteremshwa. Ambaye hayupo huswaliwa swala ya ghaibu. Maurya aliteseka siku tisa kwa sababu hakuwa na maiti ya kuzika. Mwislamu wa Unguja ana namna ya kumswalia asiyeonekana. Lakini swala ikishamalizika watu hutawanyika, na mwanamke wa Unguja naye hubaki na soksi yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Maiti waliopatikana walikuwa takriban 200. Wengi zaidi hawakuonekana kabisa. Tuliandika hotuba, ripoti na beti za rambirambi, na beti nyingi kati ya hizo zilifuata njia ya Sayyid Abdallah: dunia ni bahari, tujiandae. Ni kweli na ni njia yenye heshima. Ila sijapata kusoma tamthilia iliyokaa jikoni, Wete au Mkoani, usiku ule na siku tisa zilizofuata.

Wewe uliye na kanga iliyotambuliwa kwa jina lake, kiatu kilichoshonwa na fundi wa mtaani kwa uzi wa rangi isiyofanana, shati ambalo mdogo mtu alilivaa asubuhi ile: andika. Andika rangi ya uzi. Andika idadi ya mishono, na iliyokosewa usiisahihishe.